Nyanya anakuja Krismasi: tutazame sinema gani?

Shikamoo Somo,

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Mikindani. Mkubwa ni msichana wa miaka 14, wa pili mvulana wa miaka 9, na kitinda mimba ana miaka 5. Mume wangu ni mtu wa Taveta, na kila Krismasi mavyaa wangu hushuka kukaa nasi wiki mbili. Ni mama wa kanisa, mpole, ila hasahau.

Krismasi iliyopita, baada ya pilau na kuku, mume wangu alichomeka flashi aliyopewa na mwenzake kazini, akasema ni sinema nzuri ya sikukuu. Kweli mti wa Krismasi ulikuwemo. Lakini hata nusu saa haijapita, bunduki zimelia, kisha mwanamume na mwanamke wakaanza kuvuana nguo. Somo, hujui vile sebule huwa ndogo wakati kama huo. Baba watoto akaitafuta remoti, kumbe mtoto ameikalia. Binti yangu akainamia simu yake. Mavyaa aliinuka, akajifunga leso vizuri, akasema, "Kumbe hii ndiyo Krismasi yenu ya mjini," akaingia kulala saa kumi na moja jioni. Hakulitaja tena. Ila juzi nilipompigia kumuuliza atakuja lini, aliniuliza, "Runinga bado mnayo?"

Mwaka huu kuna jingine. Kampuni ya kutoa mizigo bandarini ambayo mume wangu aliifanyia kazi miaka 11 ilipunguza watu mwezi wa saba, naye akawa mmoja wao. Tangu hapo amekuwa mtu wa kukaa kimya. Mamake hajaambiwa. Zamani sikukuu alikuwa akitupeleka ufuo wa Pirates, watoto waogelee na kupanda ngamia. Sasa pesa ya ufuo haipo, wala ya ukumbi wa sinema kule Nyali kwa watu sita. Nimeona tukipata sinema mbili tatu nzuri tutazame nyumbani, hiyo ndiyo itakuwa sikukuu ya watoto.

Lakini kila mtu ana lake. Mavyaa hajui Kiingereza, tena hampendi yule mzee wa ndevu nyeupe, asema anamfunika Yesu. Binti haachi simu. Mvulana anataka vita. Mdogo anataka katuni. Baba yao anatazama ukuta. Halafu kuna watoto wa jirani, Waislamu, ambao Idd tunakula kwao na Krismasi wanakula kwetu. Wao pia huja kutazama. Nikiweka sinema ya kuzaliwa kwa Yesu nitakuwa nimewakosea wazazi wao? Nipe majina, Somo, na unieleze nifanyeje.

Mama Watatu, Mikindani

Marahaba mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza niliona habari ya sinema. Mara ya pili nikamwona mtu anayetazama ukuta. Kwake nitafika, lakini nianze na ulichoniomba.

Siku ya Krismasi yenyewe, watu wakiwa wote ndani, weka Home Alone ya mwaka 1990. Najua pengine umeiona vipande vipande. Nataka safari hii muitazame yote. Familia kubwa inayoishi karibu na Chicago inasafiri kwenda Paris. Nyumba imejaa binamu, kila mmoja anamfokea mwenzake, asubuhi wanachelewa kuamka na kukimbilia uwanja wa ndege, na mtoto wa miaka 8, Kevin, anasahauliwa darini. Wezi wawili wanaivizia nyumba, mtoto anawategea mitego. Mvulana wako atapata vita vyake hapo, wala hafi mtu. Kitinda mimba atacheka hadi aishiwe na pumzi.

Wewe na mavyaa mfuateni mama yake Kevin. Anakumbuka akiwa angani kwamba mtoto mmoja hayupo, na tangu hapo hakai. Uwanja wa ndege anamsihi bibi asiyemjua amwachie kiti, anamtolea pesa na hereni, na mwishowe anapanda gari la wanamuziki aliokutana nao njiani, usiku kucha, ili afike nyumbani. Mwanamke aliyelea watoto haelezwi hayo kwa Kiingereza wala kwa Kiswahili. Anayaona tu.

Tena yumo mzee jirani, Marley. Watoto wa mtaa wanamkimbia, kwa maana kakake Kevin amewaambia kwamba mzee huyu aliwaua jamaa zake kwa koleo la kuzolea theluji. Usiku wa kuamkia Krismasi, Kevin anaingia kanisani na kumkuta amekaa peke yake. Kumbe amekuja kumsikiliza mjukuu wake akiimba kwaya, kwa sababu yeye na mwanawe waligombana miaka mingi nyuma na kwa mwanawe hakaribishwi. Hapo, mwanangu, simamisha sinema kidogo. Sisi wa Pwani tunaijua habari hii kwa uchungu. Kilifi na Kwale wazee wameuawa kwa kusingiziwa uchawi, mvi zikawa ndio ushahidi, na mara nyingi nyuma yake pana shamba linalogombewa. Watoto wako wanasikia haya kwenye taarifa ya habari na hawana mahali pa kuyauliza. Muulize mvulana, "Wewe ungekaa karibu na mzee yule?" Kisha umwache nyanya aseme neno lake. Mimi nimetazama sinema hiyo na wajukuu zangu, na mahali pale wao ndio walionyamaza kwanza.

Pana vitu viwili uvijue mapema. Kevin anapopekua vitu vya kakake anakuta gazeti la picha za uchi, analitupa, ni sekunde chache. Uwe karibu na remoti, safari hii mkononi mwako. Na ile mitego ina moto, misumari na pasi inayomwangukia mtu usoni. Mwambie mvulana kinagaubaga kwamba mtu wa kweli angelazwa hospitali kwa hayo, asije akamjaribia mdogo wake.

Sasa lugha. Nilikulia mji huu wakati Regal na Naaz zingali zikionyesha sinema, na mama zetu walikuwa wakitupeleka kutazama za Kihindi. Hatukujua hata neno moja. Lakini safu yetu haikukosa mama mmoja aliyekijua Kihindi kidogo, naye alikuwa akitupasulia: huyu ni mtoto aliyepotea, yule ni babake ila hajijui, sasa lieni. Tukalia. Leo Kenya nzima inamjua DJ Afro kwa kazi hiyo hiyo ya kuisimulia sinema ya kigeni kwa maneno ya watu. Basi msimulizi wa nyumba yako ni binti yako wa miaka 14. Mkalishe kando ya nyanya na umpe kazi: kila jambo likitokea, amwambie nyanya kwa Kiswahili. Usimnyang'anye simu, wala usimhubirie. Mtu anayefasiri hana mkono wala jicho la simu, na mavyaa atakuwa na mjukuu begani kwa saa moja na dakika arubaini na kitu. Mwonyeshe binti sinema hiyo siku moja kabla ili ajiandae, maana kufasiri papo kwa papo si mchezo, na akikwama mbele ya watu ataona haya aache.

Kitinda mimba atauliza kuhusu theluji. Nyinyi wa Mikindani kaskazi inavuma, shuka zinalowa jasho, na kwenye runinga watu wamevaa makoti. Mwache mtoto amuulize nyanya. Mavyaa wako ni mtu wa Taveta, ameamka maisha yake yote akiiona theluji ya Kilimanjaro ikifunguka asubuhi na kujifunika mchana. Hakuna mtu humo ndani aliyeishi na theluji mbele ya macho kama yeye. Awaeleze mlima huo wa mita 5,895, na wazee wao walikuwa wakisema nini juu yake. Mtu aliyekuja akidhani runinga yenu ni ya kumtukana atajikuta ndiye mwenye habari.

Kuhusu sinema ya kuzaliwa Yesu: iweke, ila iweke tarehe 24 jioni kabla ya ibada ya usiku, mkiwa nyinyi wa nyumbani. Kwa mdogo kuna The Star ya 2017, katuni ya dakika 86, ambapo habari yote inaonekana kwa macho ya punda aliyechoka kuzunguka kinuni. Mtoto wa Mombasa anayepishana na mikokoteni ya punda kila siku ataipenda. Mavyaa naye anaweza kupendelea The Nativity Story ya 2006, iliyoigizwa na watu, kwa utulivu, na iliyozinduliwa Vatikani kwenyewe. Hiyo ina mauaji ya watoto wa Bethlehemu ya Mfalme Herode mwanzoni, kwa hiyo mdogo awe amelala.

Na watoto wa jirani? Umefanya vizuri kuuliza, maana wengi hawaulizi. Waislamu wanamheshimu Nabii Isa na mama yake, na Kurani ina sura nzima yenye jina la Maryam, sura ya 19. Kwa hiyo si habari ngeni kwao. Lakini masimulizi yanatofautiana, na wengi wao hawapendi mtume yeyote aigizwe na mtu au achorwe, hata kwa nia njema. Ndiyo sababu nimekuambia tarehe 24 iwe yenu, na tarehe 25 iwe Home Alone, ambapo watoto wote wa ploti wanaketi mkeka mmoja. Hata hiyo ina kanisa na kwaya ndani, basi nenda kwa mama yao mwambie mapema, uso kwa uso, "Nitaweka sinema hii, ina hiki na hiki, watoto waje?" Usitume ujumbe. Mmekula pamoja Idd na Krismasi, atakujibu kweli, na akisema wasije, pelekeni sahani ya pilau kama kawaida.

Mzee wa ndevu nyeupe, mwambie mavyaa hivi: nyuma yake yuko askofu wa kweli, Mtakatifu Nikolasi wa Mira, nchi ya Uturuki ya leo, aliyesifika kwa kuwapa maskini kwa siri, na kanisa humkumbuka tarehe 6 Desemba. Sidhani kama atampenda ghafla, wala si lazima. Chagua tu sinema ambazo yule mzee si kiini chake.

Sasa nimfikie mumeo.

Iko sinema ninayotaka mtazame wawili, watoto wamelala. It's a Wonderful Life, ya Frank Capra, ilitoka Desemba 1946. Haina rangi na ina dakika 130, muigawe siku mbili mkitaka. Mtu anaitwa George Bailey. Tangu ujana anataka kusafiri dunia, na kila akifunga mzigo jambo linazuka, anabaki mjini kwao akiendesha chama cha akiba na mikopo alichoachiwa na babake, kama Sacco zetu hizi. Kwa chama hicho watu wadogo wamepata nyumba. Siku ya kuamkia Krismasi ami yake anapoteza dola 8,000 za chama, zinaangukia mikononi mwa tajiri wa mji, naye tajiri ananyamaza. George anaona amekwisha. Anawafokea watoto, anatoka, anasimama darajani akifikiri kwamba bima yake ina thamani kuliko yeye. Anayemwokoa ni malaika anayejitupa majini yeye kwanza, kwa kuwa anajua George hawezi kumwona mtu akizama akakaa. Kisha anamwonyesha mji ule ungekuwaje kama hakuzaliwa. Ndugu yake mdogo, ambaye George alimtoa kwenye maji ya barafu wakiwa watoto, ana kaburi.

Ilipotoka haikurudisha pesa zilizotumika. Mwaka 1974 haki miliki yake haikuhuishwa, stesheni za runinga Marekani zikawa zinaionyesha kila Krismasi bila kulipia, na ndivyo watu walivyokuja kuipenda. Mimi naipenda kwa sababu ya mke. George anapozurura usiku, mke wake anawaambia watu wachache mjini kwamba George ana shida. Hasemi zaidi. Na watu wanakuja na noti na sarafu, wanamwaga mezani, harambee hasa, mpaka nyumba haitoshi. Yule tajiri haadhibiwi hata mwisho, na nadhani mumeo atalitambua hilo haraka kuliko mtu yeyote.

Usimwambie, "Ona, huyu ni wewe." Nakuomba sana. Kaa kando yake, mpe chai na mahamri, acha sinema iseme. Ikiisha, muulize moja tu: "Mchana ukikaa kimya huwa unawaza nini?" Halafu nyamaza, hata dakika tano. Na kama anakula kidogo, halali, au amewahi kusema kwamba mngekuwa heri bila yeye, basi usiianze sinema hiyo kwanza. Muulize waziwazi kama anawaza kufa. Kuuliza hakumtii mtu wazo hilo, kunampa njia ya kusema. Akikiri, usimwache peke yake, na mwende hospitali ya Port Reitz, kuna huduma ya afya ya akili na kwenu si mbali. Msingoje sikukuu ipite.

Kama unaona ni nzito mno kwake sasa, na una mtu mwenye Netflix, kuna Jingle Jangle ya 2020. Fundi wa vitu vya watoto vya kuchezea ameibiwa kitabu chake cha uvumbuzi na mwanafunzi wake mwenyewe, amekata tamaa, na mjukuu wake wa kike anakuja kumwamsha. Waigizaji karibu wote ni weusi, nyimbo ni nyingi, binti yako ataijua kabla hujamaliza kutamka jina. Hiyo anaweza kuitazama baba na watoto wake wote pamoja.

Yaliyobaki ni madogo. Kila sinema itazame wewe mwenyewe kabla, mwanzo hadi mwisho, hasa ikiwa imetoka kwenye flashi ya mtu, maana jina la faili si lazima liwe ndilo lililomo ndani. Bodi ya Uainishaji wa Filamu Kenya huweka alama: GE ni ya watu wote, PG mtoto awe na mzazi, kisha 16 na 18. Wewe kaa kwenye hizo mbili za mwanzo. Nunua tokeni za stima tarehe 23. Anza saa moja usiku jua likishazama, milango wazi, runinga isogezwe karibu na kibaraza upepo upite. Kaanga viazi karai, tengeneza juisi ya ukwaju. Kwa pesa ya mtu mmoja kuingia ukumbini utalisha mkeka mzima.

Lakini kabla ya hayo yote lipo la mavyaa kutojua habari ya kazi. Atakaa kwenu wiki mbili akimwona mwanawe hatoki asubuhi. Atajua siku ya pili, na atajua kwamba alifichwa. Kwetu mke hazunguki na shida ya mume bila idhini yake, kwa hiyo usimwambie wewe, hata kama mnazungumza kila wiki. Jumapili hii mkitoka kanisani mpe mumeo simu ampigie mamake mwenyewe. Akishindwa pa kuanzia, amuulize kwanza kama mlima umefunguka leo.